Jumba la maskini la Marseille na wale waliofungiwa ndani

Asalaam aleikum, na kwa wengine habari za asubuhi. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana mnaotembeza wageni hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, nyie ndo hasa niliokuja kusema nao leo, wengine mnakaribishwa kusikiliza na kubisha.

Niliombwa nizungumzie majengo ya kale na utalii, sasa hiyo mada ni pana mno, mtu anaweza kusema mpaka magharibi asimalize, kwaiyo nimeamua nishike jumba moja tu nililoliona kwa macho yangu. Liko Marseille, kusini mwa Ufaransa, mtaa wa Le Panier, juu ya kilima, ukiteremka vichochoro kidogo tu umeshafika bandari ya kale. Jina lake La Vieille Charité. Lilijengwa kwa ajili ya kuwaweka maskini wa mji, leo ni kituo cha utamaduni, kina makumbusho, kumbi za maonyesho, mkahawa, na wageni wanamiminika kutwa. Ninachotaka kusema nakisema mapema: jumba la namna hii tunalisifia mawe, tunamtaja aliyelichora, halafu waliolala humo ndani tunawapita kama hawakuwepo. Hilo linaniuma kweli, kwa sababu na sisi hapa tunalifanya kila siku.

Ngoja kwanza niwape picha yake. Kwa nje hamna kitu cha kukusimamisha. Ukuta mrefu, mkavu, hauna madirisha ya kutazama mtaani, unaweza ukaupita ukidhani ni ghala. Ukishavuka mlango ndo unabaki mdomo wazi. Uwanja mkubwa wa wazi, na pande zote nne zimezungukwa na baraza za matao, ghorofa tatu, tao baada ya tao, na jiwe lake ni la chokaa, rangi iko kati ya waridi na nyeupe, lilikatwa kwenye machimbo ya La Couronne. Jua la mchana likilipiga linang'aa mpaka unafumba macho. Nilikaa kivulini chini ya tao moja nikawa naligusa lile jiwe, limelika, lina vishimo vidogo vidogo, kama matumbawe ya kuta zetu hizi pale chokaa inapobanduka. Katikati ya uwanja kuna kanisa dogo lenye kuba, na hilo kuba si la duara, lina umbo la yai, ukisimama chini yake ukatazama juu unahisi linakuvuta upande mmoja.

Sasa jiulize, baraza nzuri zote hizi zinatazama wapi? Zinatazama ndani tu. Hakuna hata tao moja linaloangalia mtaa. Aliyewekwa humo alikuwa anaona uwanja, kanisa na kipande cha mbingu, na mtaa aliozaliwa uko nyuma ya ukuta, anasikia kelele zake labda, lakini hauoni. Yaani uzuri wote ule ulichorwa pamoja na kifungo, huwezi kuvitenganisha, na mtembeza wageni anayekuonyesha matao bila kukwambia kwanini yamegeukia ndani hajakuonyesha kitu bado.

Habari yenyewe inaanza mwaka 1640, pale halmashauri ya mji ilipoamua kwamba maskini wazawa wa Marseille wafungiwe mahali pamoja. Ufaransa yote wakati ule ilikuwa na hofu ya ombaomba. Vita, mavuno mabaya, watu wanakimbia vijiji wanaingia mijini, na wenye nazo wakaanza kuona mtu anayenyoosha mkono barabarani ni hatari, ni mvivu, ni mwenye dhambi. Zamani alikuwa anaonwa kama fursa ya kupata thawabu, sasa akawa uchafu wa kuondolewa. Mfalme Louis XIV akatoa amri mwaka 1656 kwa mji wa Paris, na mwaka 1662 amri nyingine iliyotaka miji mikubwa yote iwe na nyumba ya namna hiyo. Wenyewe waliziita hospitali kuu, lakini mgonjwa hakuwa ndo sababu yake, sababu yake ilikuwa kusafisha barabara.

Marseille ndo ikampa kazi Pierre Puget mwaka 1670, na jiwe la msingi likawekwa 1671. Puget alikuwa mchongaji mkubwa, mchoraji, mbunifu wa majengo, na isitoshe kazaliwa hukohuko Panier. Alifariki 1694 kazi haijaisha, kanisa likamaliziwa chini ya mwanawe François mwaka 1707, na jumba zima likaja kukamilika 1749. Hesabu hiyo muielewe vizuri, ni miaka karibu themanini ya ujenzi, na muda wote huo watu walikuwa wanaishi humo.

Walifikaje humo? Hapa ndo nataka mtege sikio. Mji ulikuwa na walinzi maalum kazi yao kuwinda ombaomba, Wafaransa waliwaita chasse-gueux, sisi hapa tungesema mgambo tu. Wanapita mitaani wanakamata. Ukikutwa unaomba na si mwenyeji wa Marseille, unatiwa jela au unatolewa nje ya mageti ya mji ukafie mbele. Ukiwa mzawa unapelekwa Charité. Na jambo ninalolipenda sana katika habari yote hii ni kwamba watu wa mtaani mara nyingi walisimama upande wa ombaomba dhidi ya walinzi. Watu wa kawaida, wauza samaki, mabaharia, wanawake wanaofua, wao wenyewe hawana kitu, wanajua leo ni yule kesho ni mimi. Hawa hamna sanamu yao popote pale.

Ndani ya jumba watu walifanyishwa kazi. Watoto waligawiwa, huyu anakwenda kuwa mtumishi wa nyumbani, yule anapandishwa meli awe mtumishi mdogo wa mabaharia, mwingine anapelekwa kwa mshonaji au kwa muoka mikate akajifunze kazi. Wengine watasema si vibaya, angalau wamepata ufundi, na mimi sikatai kwamba yuko mtoto aliyeokolewa na mkate wa nyumba ile, njaa haina mchezo. Lakini hakuna aliyemuuliza. Na kulikuwa na desturi kule Provence kwamba tajiri anaacha wasia akifa maskini wa nyumba kama hiyo walifuate jeneza lake wameshika mishumaa, na nyumba inalipwa kwa hilo. Fikiria mtoto wa miaka minane anafuata jeneza la mtu asiyemjua, kwa sababu marehemu anataka dua ya mnyonge imsindikize. Mimi hiyo picha ilinikaa kichwani kuliko kuba na matao yote.

Mwaka 1736 walikuwa humo watu 850. Mwaka 1760 walifika 1,059. Baadaye fikra za kufungia watu zikaanza kupoa, idadi ikashuka, mwaka 1781 ni kama 250 hivi, na baada ya mapinduzi ya Ufaransa jumba likawa makao ya wazee na watoto mpaka mwisho wa karne ya 19. Mkumbuke pia mji wenyewe ulivyokuwa nyakati zile. Kule chini bandarini ndo zilikuwa merikebu za kivita za mfalme zinazoendeshwa kwa makasia, na waliofungwa minyororo kwenye makasia ni wafungwa maelfu, na pamoja nao watumwa Waislamu waliotekwa au kununuliwa pande za Mediterania. Mwaka 1720 ikaja tauni, imeletwa na meli Grand Saint-Antoine, ikaua karibu nusu ya watu wa mji. Kwaiyo mtu aliyekaa chini ya yale matao mwaka 1721 alikuwa kaona mambo ambayo sisi tukisimuliwa tu usingizi unapotea.

Ukienda leo utaona mbele ya kanisa kuna sura ya mlango yenye nguzo ndefu, hiyo si ya Puget, iliongezwa katika karne ya 19. Juu yake wamechonga Ukarimu kwa sura ya mwanamke anapokea watoto fukara, na pembeni yake ndege wawili aina ya mwari wanalisha makinda. Kwa Wakristo wa zamani mwari alikuwa alama ya kujitoa, wanasema hujitoboa kifua chake awalishe wanawe kwa damu. Nilisimama pale muda mrefu nikitazama. Aliyechongewa heshima ni anayetoa. Wale watoto wa kwenye jiwe ni watoto tu, wa yeyote, hawana sura ya mtu. Sasa nyumba za aina hii zilikuwa zinaandika rejesta, jina, umri, kazaliwa wapi, kaingia lini, katoka au kafia humo. Majina yalikuwepo. Karani aliyaandika kwa mkono wake.

Halafu tuje karne ya 20 maana watu wengi wanadhani umaskini wa lile jumba uliisha na wafalme. Mwaka 1905 jeshi likaingia. Baadaye wakaingizwa watu waliobomolewa nyumba zao mji ulipokuwa unapanuliwa. Januari 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa Ufaransa, wakazingira mitaa ya chini kwenye bandari ya kale, wakawatoa watu zaidi ya 20,000, na mwezi uliofuata wakalipua majengo kama 1,500, mtaa mzima ukawa kifusi. Katika waliokosa pa kwenda wako waliopata hifadhi humo Charité. Yaani familia zinapika na kufua na kuzaa chini ya matao ya Puget, kuta zinaoza, hamna aliyeshughulika. Mbunifu Le Corbusier ndo mmoja wa waliopiga kelele kwamba jumba linakufa, na mwaka 1951 likaandikishwa kama jengo la kihistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakazi wakahamishwa, ukarabati ukaendelea mpaka 1986. Kazi imefanywa kwa uangalifu mkubwa, hilo lazima niwape, mafundi wale walijua wanachokifanya, na mji ulitoa hela zake miaka mingi bila kukata tamaa.

Ila mnaona mambo yalivyokwenda. Maskini waliwekwa humo kwa nguvu ili mji upendeze. Karne tatu baadaye maskini wakatolewa humo, safari hii ili jumba lipendeze. Sisemi waliohamishwa walionewa, pengine walipata nyumba zenye maji na umeme na walifurahi. Nasema habari yao nayo ni habari ya jumba, na mgeni akitoka pale bila kuijua ameondoka na nusu. Na mtaa wa Panier wenyewe sa hivi umejaa nyumba za kupangisha watalii, maduka ya sabuni, rangi nzuri ukutani. Nilikutana pale na mzee wa Kikomoro, Marseille ina Wakomoro wengi mno, watangulizi wao wengi walifika kama mabaharia wa meli za Kifaransa. Tukaamkiana, yeye kwa Kingazija mimi kwa Kiswahili, tukaelewana vizuri tu, akanionyesha kwa kidole madirisha ya rafiki zake waliokuwa wanakaa mtaa ule na wameshahamia kwenye maghorofa ya mbali kwa sababu ya kodi. Alikuwa anayataja majina moja moja, dirisha kwa dirisha. Nikasema huyu ndo alistahili kututembeza.

Ghorofani kuna makumbusho ya sanaa za Afrika, Oceania na wenyeji wa Amerika, yamefunguliwa 1992. Na kuna ya akiolojia ya Mediterania, ina mkusanyo mkubwa wa vitu vya Misri ya kale ambao sehemu kubwa ulitoka kwa Clot-Bey, daktari Mfaransa aliyefanya kazi kwa Muhammad Ali kule Misri, mji ukaununua. Nilipanda kwanza kwa Waafrika wenzangu. Vinyago vizuri, vimewashiwa taa vizuri. Ukisoma maelezo, mkusanyo huu ni wa Pierre Guerre, vile vya Meksiko ni vya François Reichenbach, na kuna chumba cha mafuvu na vichwa vya watu, vimekusanywa na Profesa Henri Gastaut, daktari wa ubongo. Umeona? Hata kichwa cha binadamu kinaitwa kwa jina la aliyekikusanya. Aliyechonga kinyago, aliyekuwa na hicho kichwa, hao hawana jina. Nikashuka ngazi nikapita tena pale kwenye wale watoto wa jiwe, nikaona ni jambo lilelile tu.

Kuna wanaofanya vizuri, tusije tukasema haiwezekani. Uingereza kuna jumba la maskini la Southwell, mkoa wa Nottinghamshire, limejengwa 1824 kwa fikra za kasisi John Becher, na ndo lililokuja kuwa mfano wa sheria ya maskini ya mwaka 1834. Humo mume alitengwa na mkewe, watoto wakatengwa na wazazi, kila kundi na ua wake, ili watu waogope kuomba msaada. Shirika la kuhifadhi urithi la National Trust lililinunua 1997 wakalifungua kwa wageni 2002. Vyumba vingi wameviacha vitupu. Hakuna mapambo, hakuna makochi ya kizamani. Unapita unaona ukuta, ngazi moja ya wanaume nyingine ya wanawake, na unaelezwa nani alikaa humo kutokana na kumbukumbu zilizobaki. Tena chumba kimoja wamekipanga kama kilivyokuwa miaka ya 1970, kitanda, jiko dogo, nguo za mtoto, maana jumba lilikuwa bado linapokea familia zisizo na makazi wakati huo. Hiyo ndo kazi. Hawakusema umaskini ulikuwa zamani za kale.

Sasa turudi hapa kwetu. Wageni wenu mnawapeleka Old Dispensary pale Forodhani kuelekea bandarini, kila mtu anaijua, ile yenye roshani za mbao za kuchonga. Mnawaambia Tharia Topan aliijenga, tajiri mkubwa, alitaka iwe hospitali ya hisani, akafariki 1891 haijaisha, imekamilika 1894, na miaka ya 1990 mfuko wa Aga Khan ukaikarabati. Vyote hivyo sawa, na nakshi zile zinastahili sifa. Lakini nani alikuja kupanga foleni pale chini kutafuta dawa? Mama gani alitoka Ng'ambo na mtoto mgongoni? Kuna mmoja wenu amewahi kumuuliza bibi yake kama alipelekwa pale utotoni?

Na nyumba za wakfu. Hizi ndo haswa zinanifanya nisimame hapa. Mji huu umejaa nyumba zilizowekwa wakfu, mtu kaacha nyumba yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, jamaa zake na mafukara wakae bure au kwa kodi ndogo sana. Hakuna mgambo aliyewakamata kuwaingiza, hakuna ukuta uliogeuzwa ndani, mtu fukara alikaa katikati ya mji, anatoka barazani anakunywa kahawa na jirani yake tajiri. Wafaransa walijenga ngome kwa mambo haya na sisi tulikuwa na mlango wa kawaida tu wenye fremu ya kuchonga, na leo mgeni anasimamishwa mbele ya ule mlango anaambiwa kuhusu misumari ya shaba. Misumari! Waliolala ndani hawatajwi. Nyingine zimeanguka, nyingine zimekuwa hoteli, na sipingi hoteli, watu wanataka ajira, ila angalau ukiwa umesimama pale na wageni wako sema hapa walikuwa wanakaa watu fulani, kwa msingi huu.

Na tusijione wasafi sana. Wakubwa mnakumbuka mwaka 1983 kule Bara, Nguvu Kazi. Vijana wasiokuwa na kitambulisho cha kazi wanakamatwa Dar es Salaam wanapakiwa kwenye magari wanapelekwa vijijini. Fikra ni ileile ya Marseille, kwamba mtu asiye na kazi mjini ni uchafu. Muuza karanga alikuwa mzururaji. Wako hai wengi waliopakiwa, na sijaona jengo wala kibao kinachowataja, wala sijui kama kuna anayewarekodi.

Kwaiyo ombi langu kwenu ni dogo na lina kazi ndani yake. Kila mmoja achukue nyumba moja katika njia anayopita na wageni, moja tu, atafute waliokaa humo. Anzeni na wazee wa mtaa kabla ya karatasi, karatasi zitasubiri ila wazee hawasubiri. Simu zenu zinarekodi, ombeni ruhusa kwanza, mwandike jina kama mwenyewe anavyolitamka, na kama hataki jina lake litajwe mbele ya wageni basi lisitajwe, liwekeni tu kwenye daftari lenu. Msimlipe mtu aseme unachotaka kusikia. Na mkipata jambo baya, labda mwenye nyumba alikuwa na watumwa, labda mpangaji alitolewa kwa nguvu, lisemeni vilevile, wageni siyo watoto, watawaheshimu zaidi.

Tumebahatika leo kuwa na bibi yetu mmoja aliyezaliwa na kulelewa kwenye nyumba ya wakfu, nyumba ambayo wengi wenu mnapita mbele yake kila asubuhi bila kujua. Nimemuomba azungumze na amekubali, ila amesema hataki maiki na hataki kupigwa picha, kwaiyo sogeeni mbele, wa nyuma njooni mkae chini hapa, na simu tuziweke mfukoni mpaka amalize. Bibi, karibu.